Dripu ya simtanki kwenye robo eka: mistari ya mwisho haipati maji

Mkulima_Chamwino
Wakuu, habari za jioni. Nina robo eka ya nyanya, mita 25 kwa 40. Simtanki la lita 1,000 liko juu ya kichanja cha mita moja. Mistari 40 ya mpira wa dripu (umwagiliaji wa matone) wa mm 16, tundu kila sm 30. Fundi alitoa maji kwenye tanki kwa bomba la nusu inchi. Mistari ya karibu inalowa vizuri, ya mwisho inadondosha matone ya kuhesabu. Maji ni ya kisima, yana chumvichumvi. Ninunue pampu au niinue tanki hadi mita tatu?

FundiMatone
Mkuu, pampu iache kwanza. Anza na hilo bomba la nusu inchi.

Mstari wa mita 25 una tundu kama 83, mara 40 ni zaidi ya 3,300. Tundu linaloandikwa lita 1.6 kwa saa limepimwa kwa bar 1, yaani maji yakiwa juu mita 10. Kwa mita yako moja linatoa kama nusu lita. Hata hivyo zote kwa pamoja zinadai zaidi ya lita 1,600 kwa saa. Bomba la nusu inchi likipitisha lita 1,000 tu kwa saa, linakula karibu sm 20 za msukumo kila mita. Ukifika mita ya tano, msukumo umekwisha.

Toboa tanki kwa inchi moja, sm 5 juu ya kitako ili tope libaki chini. Laza bomba kuu la mm 32 hadi mwisho wa shamba. Gawa mistari kumikumi, kila kumi na koki yake, ufungue moja moja. Koki ziwe za kugeuza robo mzunguko. Zile za kuzungusha zinabana maji hata zikiwa wazi. Na chujio, mesh 120 (yaani matundu 120 kwa kila inchi ya wavu), nalo liwe la inchi moja. Wengi wanabadilisha bomba kisha wanabakiza chujio la nusu inchi, halafu wanashangaa.

Kuinua tanki hadi mita tatu kunaongeza maji mara 1.7 tu, na hiyo ni tani nzima juu ya kichanja.

MamaBustani
Nyongeza kwa hapo juu: nyanya zilizoshika matunda kwenye jua la Dodoma zinataka kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Robo eka ni lita 5,000. Tanki lako utalijaza mara tano kwa siku, au upunguze eneo. Miche michanga inakula kidogo, kwa hiyo mwanzoni utadhani yanatosha.

Mkulima_Chamwino
Asanteni sana. Lakini hata ndani ya mstari mmoja tundu hazilingani, nyingine kavu kabisa.

Chumvi_na_Udongo
Hapo si bomba tena, zimeziba. Kata kipande chenye tundu kavu, kipasue kwa urefu, kitie kwenye siki nyeupe. Kikitoa mapovu, ni chokaa ya maji ya kisima. Kisipotoa na ndani kuna utelezi wa kijani, ni mwani: tanki linapitisha mwanga, lipake rangi nyeusi au lifunike.

Kila wiki fungua ncha za mistari, mmoja mmoja, maji yatoke hadi yawe meupe. Mpira ulazwe tundu zikitazama juu, mchanga usizame humo.

Mbolea: DAP usiipitishe kwenye dripu, inaacha mashapo. Kalsiamu naitreti usiichanganye na mbolea yoyote ya fosfati au salfeti, vinagandana ndani ya mpira. Ukimaliza mbolea, pitisha maji matupu dakika 15.

Jambo la mwisho ambalo wengi hawaambiwi: kwa maji ya chumvi, dripu inaisukuma chumvi hadi ukingoni mwa duara lenye unyevu. Utaiona nyeupe juu ya tuta. Mvua fupi ya kwanza inairudisha kwenye mizizi na mmea unanyauka ingawa umelowa. Mvua hiyo ikianza, fungua dripu, usiifunge.