Boksi la biskuti za zawadi, mbona zinalainika?

Wadau, sikukuu hii nataka kuwagawia majirani biskuti nilizooka mwenyewe, ila mwaka jana nilipanga zile ngumu za tangawizi pamoja na laini za chokoleti, kesho yake zote zimelegea kama mkate uliolowa 😩 nakosea wapi?

— Unyevu huo dada. Laini zinazipa kavu unyevu wake, kwa hiyo kila aina mfuko wake ndo uweke boksini. Na zipoe kabisaa kwanza, ukifunika zikiwa na moto imekula kwako.

— Nzito chini nyepesi juu, katikati karatasi ya kuokea. Za minti zitenge jamani, mi ziliambukiza boksi zima harufu mpaka za vanila zikawa kama dawa ya meno.

— Hahaha dawa ya meno! Kumbe, mi nilifunika bado vuguvugu.