Tiba ya kikundi ya sonona: naweza kupunguza wiki?

vht_isingiro: Jamani habari zenu. Mi ni VHT, mhudumu wa afya wa kijiji wa kujitolea, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tulifundishwa ile tiba ya kikundi ya WHO (Shirika la Afya Duniani), sesheni 8, dakika 90 kila wiki. Shida ni kwamba kina mama wangu wengi ni Wakongo na siku ya kugawa chakula haji mtu, msimu wa kupanda maharage ndo kabisa. Sasa supavaiza anasema tubane tumalize kwa wiki 4. Itafanya kazi kweli ama tunadanganya watu?

dada_koboko: Pole kaka. Wiki si msahafu, ilipojaribiwa Masaka na Rakai ilikuwa wiki 16 na matokeo yakatoka 2003, sonona ilishuka sana kuliko kwenye vijiji ambavyo havikupewa, halafu 2016 WHO wakatoa mwongozo wa sesheni 8. Ila waliopunguza walijua wanapunguza nini. Usiondoe kuuliza kila mtu hali yake tangu mlipoonana, usiondoe kuunganisha huzuni na kilichoileta, msiba au ugomvi au maisha kubadilika, na waache wapeane mbinu wenyewe, usigeuke mchungaji. Kule Masaka upweke waliutoa kwenye orodha ya visababishi, lakini hapo kambini mtu kaja peke yake, we usiutoe. Siku si ubadilishe tu? Waulize wao.

vht_isingiro: Hilo la mbinu ni kweli dada. Mmoja mumewe katoroka na kadi ya chakula, mimi nilikosa la kusema, mwenzake aliyewahi kupatwa na hayo akamwambia kesho twende wote ofisini. Wakaenda!

mzee_arua: Fupi inawezekana, mi nabisha hapo tu. Kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp, huku kaskazini mwa Uganda, walijaribu Self-Help Plus, mafunzo ya WHO ya kukabili msongo, kwa wanawake wa Sudan Kusini, sesheni 5, sauti imerekodiwa, watu mpaka 30 mara moja, na ilisaidia. Lakini ile ilitengenezwa fupi tangu mwanzo, si kukata nguo ya mwingine. Na mnasahau usimamizi! Mafunzo hotelini, posho, cheti, basi, hakuna anayekuja kukusikiliza ukiendesha kikundi. Mwambie supavaiza wako akae sesheni moja kwanza ndo azungumzie wiki 4.

vht_isingiro: Haha nitamwambia. Na mtu akisema anataka kujiua?

dada_koboko: Huyo hasubiri sesheni. Usimwache peke yake, siku hiyohiyo mpeleke kituo cha afya, wakishindwa wao watamtuma Mbarara hospitali ya rufaa. Akirudi kikundini nafasi yake iwepo.