Wadai wa Zambia wamevutana miaka mitatu na nusu, hasara tumekula mpaka sisi wauza dagaa wa Kigoma

Wakuu habari za asubuhi. Mi niko Kigoma hapa Mwisho wa Reli, kazi yangu dagaa. Hili jambo nimekaa nalo rohoni muda mrefu ila jana kuna jamaa kaniudhi, tunaongea habari za deni la Zambia yeye anajibu kifupi tu, "walikopa wenyewe walipe", afu anajiona kamaliza. Sa ngoja niseme na mimi.

Mwanzoni mwa 2020 nilimpa mteja wangu wa Kasama, kule Zambia, dagaa gunia 40 kwa mali kauli. Ni mtu tumefanya naye kazi miaka, mzigo unashuka na lori Mpanda, Sumbawanga mpaka Tunduma, yeye anavusha Nakonde, akiuza anatuma hela kidogo kidogo. Bei tulipatana kwa kwacha (hapo nilijiroga mwenyewe, najua, msinianze). Kipindi hicho dola moja ilikuwa kwacha 14 na ushee, kwahiyo kwacha moja kwetu inacheza kwenye shilingi 160 hivi. Ikaja korona, Mei wakafunga mpaka wa Nakonde, Novemba serikali yao ikashindwa kulipa riba ya hatifungani (zile karatasi za mkopo serikali inawauzia wawekezaji) dola milioni 42.5 na dunia nzima ikatangaziwa, na kufika katikati ya 2021 dola imeshavuka kwacha 22. Yule bwana alinilipa yote jamani, hajanidhulumu hata senti, lakini kila nikienda kubadilisha naambulia shilingi mia na kidogo. Theluthi ya hela yangu imeyeyuka hivi hivi naiona. Na mtaji wenyewe nilikopa, ile mikopo ya kausha damu mnaijua, wale hawana habari na kwacha wala korona, siku ya rejesho ikifika wako mlangoni wameshakaa kwenye kiti chako. Friji liliondoka, pikipiki ikaondoka.

Sa nisikilizeni. Mi nikikuuzia gunia kwa keshi nakupa bei yake, nikikupa kwa kauli napandisha kidogo. Kwa nini napandisha? Kwa sababu unaweza ukafa, lori linaweza likapinduka, mzigo unaweza ukanyeshewa. Nimeshajilipa mapema kwa presha utakayonipa. Mama yeyote anayeuza dagaa Kibirizi anajua hesabu hii na hajakanyaga chuo. Ukikwama kweli tunakaa chini, tunapunguza, tunasogeza siku, maisha yanaendelea.

Hawa wa hatifungani nao walipandisha, tena sana. 2012 waliikopesha Zambia dola milioni 750 kwa riba ya asilimia 5 na kitu. 2014 bilioni 1 kwa asilimia 8.5. 2015 bilioni 1.25 kwa karibu asilimia 9. Kila mwaka juu, kwa sababu waliona bei ya shaba imeporomoka na jamaa anaanza kuyumba, na nchi ile bila shaba hakuna dola. Yaani walijua! Wakachukua bei ya kubeba hatari, wakala riba miaka yote ile, hatari ilipokuja kweli wanaruka, oooh deni letu lisikatwe, waanze Wachina, nao si wanaidai. Wachina nao wanasema wasianze wao. Kila mtu anamchungulia mwenzake mfukoni, na IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, kakaa pembeni na hela anasema sitoi mpaka mkubaliane.

Hichilema kaingia urais wa Zambia Agosti 2021 watu wamefurahi, kwacha ikapanda kidogo na mimi nikapata matumaini ya kijinga. Desemba ile ile ruzuku ya mafuta ikaondolewa ili IMF aridhike. Mkopo wa IMF, dola bilioni 1.3, ukapitishwa Agosti 2022, mwaka mzima baadae. Juni 2023 ndo serikali zinazodai, China na Ufaransa wakiongoza kamati, wakakubaliana kule Paris kwenye deni la dola bilioni 6.3. Tukasema imeisha. Wapi! Novemba wenye hatifungani wakaelewana na Zambia, kamati ya zile serikali zinazodai ikapiga chini, eti hawa wamekatwa kidogo kuliko sisi. Wakarudi kuvutana, Machi 2024 ndo wakaelewana, na mpaka ikamilike ni Juni. Na katikati hapo, Februari, ukame ulikuwa umeshatangazwa kuwa janga la taifa, mahindi yamekaukia shambani, maji bwawa la Kariba yako chini umeme unakatwa, kwacha imepita 25. Wanabishana asilimia ngapi.

Bora hata hao waliokaa mezani. Hivi mnakumbuka ile kesi ya matrekta? 1979 Romania iliikopesha Zambia kununua matrekta, 1999 kampuni moja inaitwa Donegal International ikalinunua lile deni kwa kama dola milioni 3 tu, afu ikaenda mahakamani London kudai milioni 55, na 2007 ikapewa kama milioni 15! Wale wa kausha damu ukiwaonyesha hii wataomba wafundishwe kazi.

Sisemi serikali yao haikukosea, enzi za Lungu, rais aliyemtangulia Hichilema, walikopa kama hakuna kesho, na mikataba mingine hata masharti yake yalikuwa siri. Lakini mteja wangu wa Kasama alisaini wapi? Na mimi wa Ujiji je, ambaye Lusaka kwenyewe sijawahi kufika? Ukisema "walipe" unamaanisha huyo, yeye ndo analipa kwenye mafuta, kwenye unga, na mimi nalipa kwa friji langu. Ambao hawajawahi kukaa giza hata siku moja ndo wanajadiliana taratibu, na kila mwezi wanaokaa mezani wanasheria wao wanalipwa.

Anyway. Yule bwana kanipigia juzi, anataka gunia 25, na kwa kauli tena. Nimemwambia safari hii tunaandikishana kwa shilingi, akacheka akasema na yeye angekuwa mimi angesema hivyo hivyo. Sijampa jibu bado. Aliyeko Tunduma leo aniambie kwacha inabadilishwa ngapi, ile ya mtaani siyo ya benki.