ML Kit inaona uso, jina haitoi. Nifanyeje?

MgogoKoda: Wakuu, natengeneza programu ya Android ya kupanga picha za maktaba ya gazeti hapa Dodoma. Nataka ukiifungulia picha ya bungeni au ya Nyerere Square iseme huyu ni Mwalimu Nyerere, yule ni Rais Samia. ML Kit, maktaba ya Google ya kuchambua picha ndani ya simu, inazungushia uso mraba vizuri, ila jina hakuna. Halafu picha zilizopigwa simu ikiwa wima, uso hauonekani kabisa. Iwe inafanya kazi bila bando.

ZabibuKavu: Mkuu, hapo utasubiri sana. ML Kit inagundua kwamba kuna uso, haijui ni wa nani. Ongeza modeli ya pili, MobileFaceNet (ya kutambua nyuso) katika muundo wa TensorFlow Lite, unaokimbia ndani ya simu. Ni ya MB chache tu. Kata uso, uuzungushe mpaka macho yakae usawa mmoja, uupunguze uwe pikseli 112 kwa 112, kisha uupitishe. Itakutolea vekta, yaani orodha ya namba inayoelezea uso huo, yenye namba 128 au 192, kutegemea toleo. Hiyo ndiyo unayoilinganisha kwa kosaini (kipimo cha kufanana) na vekta za watu maarufu ulizohifadhi kwenye simu.

Wengi hukwama kwenye rangi: modeli imefundishwa kwa RGB (mpangilio nyekundu, kijani, bluu), wewe unailisha BGR (uliogeuzwa), majina yanakuja ovyo na hakuna ujumbe wa kosa.

Kila mtu muwekee picha kadhaa za umri tofauti. Nyerere wa 1961 na wa miaka ya 1990 usiwachanganye kuwa wastani mmoja. Linganisha na kila vekta, chukua alama ya juu.

Udongo_Mwekundu: Hizo za wima ni EXIF, taarifa ndani ya faili inayosema picha izungushwe vipi. Ukiipa ML Kit picha kwa `fromBitmap`, haiisomi, unatakiwa kuitajia nyuzi za mzunguko mwenyewe; kwa `fromFilePath` inaisoma. Ila bitmapu unayokata uso nayo uizungushe, la sivyo utakata bega.

Uso ulio chini ya pikseli 100 kwa 100 achana nao. Wabunge wa viti vya nyuma kwenye picha iliyopitia WhatsApp, hao sahau.

MgogoKoda: Asanteni wakuu. Kizingiti, yaani alama ya chini kabisa ya kukubali jina, niweke 0.5?

ZabibuKavu: Usikope namba ya mtu. Pima jozi za mtu yuleyule na jozi za watu tofauti kutoka picha zenu wenyewe, weka mpaka pale makundi yanapoachana. Alama za majina mawili ya juu zikipishana kidogo, programu iandike "hajulikani". Gazeti likikosea jina ni aibu. Na raia wa kawaida usiwahifadhie vekta: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu alama za kibayometriki kuwa taarifa nyeti.