Wazazi wasiotoa taarifa za ratiba: walezi wenzangu mnafanyaje?

Mlezi wa Ilomba (Mbeya)

Habari zenu walezi na wazazi.

Ninalea watoto wadogo mchana nyumbani kwangu hapa Ilomba, wengi wao wakiwa na umri wa kati ya miezi sita na miaka mitatu, nikisaidiana na binti mmoja anayeishi Uyole ambaye ninamlipa mshahara wa mwezi. Wazazi wa watoto hawa wana shughuli mbalimbali: wapo wanaouza nguo na mazao Mwanjelwa na Soweto, wapo wauguzi wanaofanya kazi kwa zamu, wapo walimu, na mmoja ni kondakta wa basi la Tunduma. Kazi ya kuwalea watoto ninaipenda na sijaichoka. Kinachonielemea ni kwamba wazazi hawaniambii lolote kuhusu ratiba zao mpaka jambo liwe limeshatokea.

Asubuhi ninapika uji wa lishe na kuandaa chakula cha mchana kwa hesabu ya watoto ninaowatarajia, kisha wawili au watatu hawatokei, na jioni ndipo ninasikia kwamba walipelekwa kwa bibi yao Tukuyu tangu juzi. Siku nyingine analetwa mtoto ambaye mama yake aliniaga kuwa wanasafiri wiki nzima. Muda wangu wa mwisho ni saa 11:30 jioni, lakini kuna mzazi anayekuja saa 2 usiku, na simu yake muda wote huo haipatikani. Mtoto aliyebaki peke yake huanza kulia kila akisikia bajaji inapita nje bila kusimama, na binti wa Uyole hawezi kuondoka kwa kuwa siwezi kumwacha mtoto huyo nikahangaikia mengine. Mwezi huu wa baridi giza likiingia najua pia kwamba mtoto atabebwa kwenye pikipiki usiku bila nguo za kutosha, kwa sababu asubuhi hakuna aliyewaza kwamba atarudi saa hizo.

Linaloniogopesha zaidi ni kuletewa bodaboda nisiyemfahamu, akasimama getini na kusema ametumwa na mama yake fulani amchukue mtoto. Nimekataa kila mara, na kila mara mzazi amenikasirikia kana kwamba nimemwita mwizi ndugu yake.

Tulifungua kundi la WhatsApp, lakini taarifa za watoto zinamezwa na salamu za asubuhi na michango ya harusi, na wazazi wenye simu za kitochi hawamo kabisa. Naomba kujua: mmeweka muda wa mwisho wa kutoa taarifa? Mnatoza fedha kwa kuchelewa? Na mnawezaje kusimamia utaratibu huo kwa watu ambao ni majirani zenu, mnaosali nao na kuzikana nao?

---

Bibi wa Kihesa (Iringa)

Pole sana, mwanangu. Kazi hii nimeifanya tangu wajukuu zangu wa kwanza walipokuwa wachanga, na neno la kwanza ninalomwambia mzazi anayekuja kuomba nafasi ni kwamba ada anayolipa ni ya nafasi ya mtoto wake, wala si ya siku atakazohudhuria. Mtoto akija asipokuja, nafasi yake ipo, godoro lake lipo, mshahara wa msaidizi uko palepale. Mzazi akilielewa hilo mwanzoni, ugomvi wa kudai arudishiwe fedha za siku nne alizokwenda msibani unakwisha, nawe unapata utulivu wa kuzungumza naye juu ya taarifa yenyewe.

Kuhusu muda wa mwisho, usichague saa kwa sababu inapendeza kuitamka. Chagua saa inayolingana na kazi yako, ili mzazi aone sababu yake kwa macho. Kwangu ni saa 2 asubuhi, kwa kuwa baada ya hapo unga na maziwa vimeshapimwa na sufuria iko jikoni. Kwa upande wa jioni, anayejua atachelewa anijulishe kabla ya saa 9 alasiri, maana hapo bado ninaweza kumwomba msaidizi abaki, au kumwita jirani yangu aje anishike mkono. Taarifa inayokuja saa 11 na dakika 25 hainisaidii kitu ingawa imekuja.

Lakini dawa niliyoiona inafanya kazi kuliko zote ni maswali mawili ninayomuuliza kila anayekuja kuchukua mtoto, kabla sijamkabidhi begi: kesho mtoto anakuja saa ngapi, na nani atakuja kumchukua? Jibu ninaliandika kwenye daftari mbele yake. Ijumaa ninauliza habari za wiki nzima inayofuata. Mzazi anayesahau kupiga simu akiwa sokoni hawezi kukwepa swali analoulizwa akiwa amesimama mlangoni. Usingoje taarifa ikufuate, mwanangu. Iombe saa ambayo anayeijua yuko mbele yako.

---

Mama Mapacha (Mbeya)

Mimi ni muuguzi, na watoto wangu wanalelewa kwa mama mmoja maeneo ya Forest, kwa hiyo naomba niseme kwa upande wa wazazi, bila kutetea uzembe.

Ratiba ya zamu hubandikwa, lakini mwenzako akiugua au akifiwa unaambiwa uzibe pengo lake siku hiyohiyo. Ukiwa wodini simu iko kwenye kabati au kwenye begi, na ukimaliza zamu huwezi kuondoka mpaka umkabidhi wagonjwa anayeingia. Akichelewa yeye, nawe umechelewa, na mlezi wako anaona tu kwamba simu haipatikani. Ongeza hapo foleni ya barabara kuu ya TANZAM, ambayo wewe wa Ilomba unaijua kuliko mimi.

Kilichotusaidia sisi ni kumpa mlezi namba tatu, na ya kwanza si yangu. Ni ya dada yangu mwenye duka, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kupokea simu wakati wowote na ndiye mwenye idhini ya kuja kuwachukua. Mlezi alipoelewa kwamba mtu wa kumpigia siku za kazi si mama mzazi, wasiwasi wake ulipungua sana. Ninamtumia pia nakala ya ratiba yangu ya zamu kila inapotoka, na ikibadilika ninamwandikia meseji ya kawaida moja kwa moja kwake.

Kwa wenye watoto wanaonyonya, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili ndani ya siku ya kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Mzazi apatane na mwajiri wake saa hizo zitakuwa lini, kisha amweleze mlezi, ili mtoto asipewe uji dakika kumi kabla mama hajaingia mlangoni na titi limejaa.

Na jambo moja ninaloomba walezi mlipokee kwa moyo mwema: wapo akina mama wanaokaa kimya kwa sababu wanawaogopa. Mzazi anajua atachelewa tangu saa 7 mchana, lakini mara ya mwisho alipopiga simu alisemwa mpaka akalia, kwa hiyo safari hii anaona afadhali aje aombe msamaha mara moja tu. Anayetoa taarifa mapema apokelewe tofauti na asiyetoa kabisa, hata kama taarifa yenyewe inakera.

---

Mwenye Kituo (Makambako)

Ninaheshimu yote yaliyosemwa, lakini huruma peke yake imetuumiza wengi. Kwangu kila nusu saa baada ya muda wa mwisho inalipiwa shilingi 2,000, na inalipwa palepale. Asiye nazo ninaziongeza kwenye ada ya mwezi unaofuata. Anayeichukia sheria hiyo anajua njia ya kuikwepa, nayo ni kufika kwa wakati.

---

Mwalimu wa Iringa

Ndugu wa Makambako, ningeomba upime jambo hili kabla wengine hawajaiga. Watafiti Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichunguza vituo 10 vya kulelea watoto katika mji wa Haifa, Israeli, wakachapisha matokeo yao mwaka 2000. Baadhi ya vituo viliweka faini ndogo kwa mzazi anayechelewa zaidi ya dakika 10, na badala ya kupungua, wachelewaji waliongezeka mpaka wakafika kiasi cha mara mbili ya mwanzo. Faini ilipoondolewa, wazazi hawakurudi kwenye tabia yao ya zamani, bali waliendelea kuchelewa vilevile.

Maelezo ya watafiti hao ni kwamba kabla ya faini mzazi aliona haya kumweka mlezi, na haya hiyo ndiyo iliyomkimbiza barabarani. Baada ya faini aliona muda wa ziada ni bidhaa aliyoinunua kwa bei nafuu. Naamini kwetu, ambako mlezi ni jirani na mara nyingi ni shangazi au somo wa mtu, haya hiyo ina nguvu kubwa zaidi, na ukiiuza kwa shilingi 2,000 utakuwa umeitoa kwa hasara.

Hata hivyo kuna gharama ya kweli ambayo mlezi hapaswi kuibeba peke yake. Sheria hiyohiyo ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 9 za kazi kwa siku na 45 kwa wiki, na muda wa ziada unapaswa kulipwa angalau mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kwa hiyo binti wa Uyole anayebaki hadi saa 2 usiku anastahili malipo yake, pamoja na nauli ya saa hizo. Mzazi akiambiwa kwamba anachangia ujira wa binti yule, na akamkabidhi yeye mwenyewe mkononi, anatazamana na mtu aliyemchelewesha. Hapo ndipo mimi ninapoona tofauti kati ya fidia na faini.

---

Mstaafu wa Ustawi wa Jamii (Njombe)

Dada wa Ilomba, katika yote uliyoandika mimi nimeshtushwa na bodaboda, na nakusihi usilegeze hata siku moja. Andaa fomu fupi ya kila mtoto yenye majina ya watu wasiozidi wanne wenye ruhusa ya kumchukua, picha zao, namba zao za simu na sahihi ya mzazi. Ikitokea dharura na mzazi akalazimika kumtuma mtu mwingine, apige simu yeye mwenyewe kwa namba unayoijua, si kupitia simu ya huyo bodaboda, ataje neno la siri mlilokubaliana, kisha mtu huyo alitaje neno hilo akifika. Hasira ya mzazi itapita kesho yake. Mtoto aliyekabidhiwa kwa mtu asiyejulikana huenda asirudi.

Wazazi waliotengana wanahitaji uangalifu zaidi. Usiingie katika ugomvi wao, wala usiamue wewe nani ana haki. Muulize aliyemwandikisha mtoto kama kuna amri ya mahakama kuhusu malezi, na kama ipo, uwe na nakala yake.

Akibaki mtoto usiku na namba zote zimekatika, mjulishe mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii, na ikibidi nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure. Usilifiche jambo hilo kwa kuwaonea aibu wazazi, kwa sababu likija kuulizwa baadaye, wewe ndiye uliyekuwa na mtoto. Kama kituo chako bado hakijasajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, anza na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Ukiwa na usajili, masharti yako kwa wazazi yatakuwa na uzito ambao maneno ya jirani hayana.

---

Mlezi wa Ilomba (Mbeya)

Asanteni sana, Bibi na ndugu zangu wote. Maswali mawili ya mlangoni nimeyaanza leo jioni, na tayari nimejua kwamba kesho mtoto mmoja atachukuliwa na baba yake mdogo, jambo ambalo kwa kawaida ningeligundua akiwa ameshasimama getini. Jumamosi ninawaita wazazi tujaze fomu za wanaoruhusiwa kuchukua watoto. Faini sitaiweka, lakini ujira wa ziada wa binti nitaueleza wazi kwa wote kabla haujamhusu yeyote, na malipo atapokea yeye mwenyewe. Kwa wauguzi nitaomba nakala ya zamu na namba ya mtu anayeweza kupokea simu mchana.

Limebaki moja tu, Bibi. Sikukuu kama Nane Nane zina tarehe zake, lakini Idi hutegemea mwandamo wa mwezi, na wazazi huniuliza usiku kama nitafungua kesho. Wewe huwaambiaje?

---

Bibi wa Kihesa (Iringa)

Siku ya Idi yenyewe ninafunga, iangukie lini. Wiki moja kabla ninaandika kwenye daftari tarehe zote mbili zinazowezekana, na kila mzazi ananiambia kama kazini kwake watafungua katika ile itakayobaki kuwa siku ya kawaida. Wanaofanya kazi siku ya sikukuu ninawaambia mapema watafute ndugu, na wengi hupata, kwa kuwa siku hiyo shangazi na wajomba wako nyumbani. Mwezi ukitangazwa usiku, hakuna wa kupiga simu. Anachofanya mzazi ni kukumbuka alichoniambia.