Kikundi: Nyumba ya Bibi, Ngamiani

*Jumamosi*

Shangazi Columbus: Assalaam alaykum nyote. Mlioniulizia ule mfarishi wa viraka, bado. Wenzangu wamemaliza tangu Januari, mie ndio kwanza niko hatua ya 3.

Nuru: Shikamoo shangazi. Si ndio ule unaoshona bila kujua utatokaje?

Shangazi Columbus: Marahaba mwanangu. Ndio huo. Mwenye mchoro haonyeshi picha. Alikuwa akitoa maelekezo kidogo kidogo kila Ijumaa: kata miraba ya rangi A, unga na rangi B, weka kando. Yaliyobaki nimeyatia kwenye bahasha, sifungui mpaka nifike.

Mama Nuru: Sasa wifi, rangi unachaguaje?

Shangazi Columbus: Anasema tu hii iwe nzito, hii nyepesi, hii ing'ae kuliko zote. Hiyo ya kung'aa nimeweka khanga ya mama. Ile nyekundu.

Mama Nuru: Ile ya Idi 😢

Baba Mkubwa: Jina umelikata?

Shangazi Columbus: La, kaka. Nimekata mji na pindo. Jina liko zima, nitalishonea upande wa nyuma. WEMA HAUOZI itasomeka yote.

Baba Mkubwa: Vyema. Uliifua kwanza? Nyekundu hutoa rangi.

Shangazi Columbus: Mara 3, mpaka maji yakawa meupe. Ila nimekwama kaka. Viraka 9, tatu kwa tatu, kila kimoja inchi 2½. Nikishaunga yapasa nipate 6½. Napata 6¼.

Baba Mkubwa: Mstari mmoja una mishono 2, nayo imekula robo zaidi. Unaachia robo inchi kamili, sivyo? Mkunjo wa kitambaa nao unakula. Achia robo kasoro uzi mmoja. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye bamba la cherehani, ukingo wa kitambaa upite ukigusa hapo. Na pasi uikandamize, usiiburute.

Shangazi Columbus: Nimeshashona 12 hivyo hivyo. Nifumue?

Baba Mkubwa: Fumua zote. Ukizipanga 12 kwa mstari utapungukiwa inchi 3 nzima, na pembe hazitakutana.

Mama Nuru: Fumua taratibu wifi. Khanga ya mama si ya kuharakishwa.

Nuru: Shangazi, nimeutafuta mtandaoni nikauona umekamilika! Nitume picha?

Shangazi Columbus: Usitume mwanangu, tafadhali! Nataka nione mwenyewe mama ameangukia wapi, katikati au pembeni.

Nuru: Samahani shangazi. Nimeifuta kwenye simu.

Mama Nuru: Na usimwambie hata kwa kumpigia.

Nuru: Siwezi mama. Ila nimefurahi sana, basi.

*Jumanne*

Shangazi Columbus: 📷 Kaka, tazama rula. 6½.

Baba Mkubwa: Hapo sasa. Geuza nione nyuma.

Shangazi Columbus: 📷

Baba Mkubwa: Mshono umenyooka. Zimebaki 11.