Watengeneza wino, andikeni kwenye chupa mmetia nini!

Wakuu, salamu zitafuata, acha kwanza niteme hili.

Nina kalamu ya wino ya pistoni (ile inayonyonya wino yenyewe kutoka kwenye chupa ukizungusha kitako), mwaka wa sita huu, haijawahi kunigomea. Siku zote naipa wino wa bluu wa kawaida, ule ukidondokea shati unatoka ukiwahi maji. Mwezi uliopita nikajipendekeza kununua chupa ya wino mweusi "usiofutika". Sanduku la kifahari, jina la kishairi, lebo ya dhahabu. Wino wa aina gani? Kimya. Nikajaza, nikaandika siku tatu, nikasafiri wiki mbili. Kurudi, kalamu imekauka kau. Nikachovya nibu, ile ncha ya kuandikia, kwenye maji, ikaandika neno moja na nusu, ikakata.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu lake: kalamu yako imechoka. Imechoka! Iliyokuwa inamwaga wino hadi juzi!

Kuja kuchunguza, ule ni wino wa pigmenti. Wino wa kawaida rangi yake imeyeyuka kama sukari kwenye chai, hivyo hata ukikauka, maji kwa kawaida huurudisha. Pigmenti ni chembe ngumu zinazoelea tu. Maji yakishapotea zinang'ang'aniana. Na kalamu hizi hakuna kinachosukuma wino. Unashuka wenyewe kwenye vile vifereji vyembamba kama unywele vya fidi, kile kipande kilicho chini ya nibu, huku hewa ikipanda kuchukua nafasi yake. Vikiziba, kwisha habari.

Sisemi pigmenti ni mbaya. Nikijua ndiyo hiyo, naandika kila siku na kuisafisha mapema. Nitajuaje sasa, nioteshwe?

Na si pigmenti peke yake. Wino wa chuma na tanini huwa mweusi zaidi karatasini kadiri unavyokutana na hewa. Ukisahaulika ndani ya kalamu unaganda humo humo, na asidi yake inaweza kutafuna nibu ya chuma. Wino wa kumetameta una vumbi linalotuama kwenye fidi, usipoitikisa kalamu unaandikia maji ya rangi. Kuna hata watu wametia wino wa kuchorea wenye shelaki, yaani vanishi kabisa, kwa sababu chupa iliandikwa "wino" basi. Hao nawapa pole, kalamu zao sijui kama zitafufuka.

Halafu kuna wino tunaouita mkavu, unaotoka kwa ubahili, na wino wa majimaji, unaotoka kwa wingi, yote rangi yake imeyeyuka vizuri tu. Tofauti iko kwenye vile viambato vinavyoufanya utiririke na kushika kuta za vifereji. Kalamu yenye uchoyo ukiipa wino mkavu inakwaruza na kurukaruka, unaanza kuilaumu nibu bure. Hili nalo lebo haikwambii.

Miaka ya 1940 Parker, wale watengeneza kalamu, walikuwa na wino mkali wa kalamu yao iliyoitwa 51, na kwenye chupa wakaonya usitiwe kwenye kalamu nyingine. Miaka themanini imepita, mwenzangu ananiuzia jina la kishairi.

Mpaka sasa nimeshapitisha maji baridi kwa bomba la sindano (ya moto sithubutu, fidi inaweza kupinda), nikaja na tone la sabuni ya vyombo, halafu amonia ya nyumbani isiyo na sabuni, kijiko kimoja kwa vijiko kumi vya maji. Jana usiku nikachomoa nibu na fidi, nikapitisha mswaki laini kwenye mapezi ya fidi, vile vibati vyembamba vilivyopangana ubavuni mwake. Likatoka tope jeusi kama masizi ya sufuria.

Aliyewahi kuokoa kalamu ya pistoni kwa pigmenti iliyoganda aniambie alifanyaje. Na mwenye kuja kuniambia "ungesoma kwanza", nimeshasema, hapakuwa na cha kusoma. Fidi iko kwenye glasi hapa mezani, maji nimebadilisha mara ya tano, bado yanatoka ya kijivu.